Mkono wa Nani Huu? Mwongozo wa Kuwasaka Wachoraji na Wabunifu Wapya Ukiwa Mwanza

Mtu akiniuliza wapi pa kuona sanaa mpya hapa Mwanza, simwelekezi kwenye jengo. Namuuliza kwanza: mchoro wa mwisho uliokufanya usimame ulikuwa wapi? Mmoja hutaja mgongo wa bajaji, mwingine ukuta wa kinyozi, mwingine kitabu cha hadithi cha mwanawe, mwingine picha iliyopita kwenye simu usiku. Nikiuliza aliyeichora ni nani, hakuna anayejua. Picha hatujapungukiwa. Tulichopungukiwa ni majina, na bila jina huwezi kumfuata mtu, huwezi kuona atakachochora mwezi ujao, huwezi kumpa kazi, huwezi hata kumsifia kwa rafiki. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kufuata majina: kutoka kwenye mchoro ulio mbele yako hadi kwa mkono uliouchora, na kutoka kwa mkono huo hadi kwa mikono mingine usiyoijua bado.

Vifaa ni daftari, simu yenye kamera, bando la kawaida na viatu vya kutembelea.

Hatua ya 1: Andika kinachokuvuta kabla hujatafuta chochote

Kwa wiki nzima, kila mchoro, bango, kitambaa au nembo ikikugusa, andika mstari mmoja daftarini: umeiona wapi, na ni nini hasa kilichokuvuta. Usiandike "nzuri". Andika "samaki amechorwa kwa mstari mmoja bila brashi kuinuliwa", au "nyekundu na buluu zimekaa pamoja bila kugombana", au "uso hauna macho lakini nimejua ana huzuni". Mtandaoni picha ni nyingi na zote zinang'aa, na asiyejua anachokipenda huishia kupenda kinachopendwa na wengi. Ukifika hatua ya 5 utaona faida ya mistari hii.

Hatua ya 2: Anzia Mwaloni, kwa vinyozi na kwa wachapishaji

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, mitumbwi ikiwa imefunga pwani. Watu wanatazama dagaa na bei. Wewe tazama ubavu wa mtumbwi. Jina la chombo, ua, nyota, rangi za timu, maneno ya dini, vyote vimepakwa kwa brashi na rangi ya mafuta na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Ukitembea polepole ukilinganisha chombo kimoja na kingine, utaanza kuitambua mikono. Huyu huweka kivuli cha herufi upande wa kushoto, yule upande wa kulia. Huyu anapinda mkia wa "g" kama ndoana. Yule hawezi kuacha kona tupu, lazima aweke nukta au jani. Mambo hayo ndiyo saini yake hata kama jina hakuandika, na ukishalizoesha jicho lako hapa, litakusaidia mbele ya picha yoyote duniani.

Sasa mtafute mwenyewe. Usianze na kamera. Pwani watu wako kazini, na simu iliyonyooshwa bila salamu hufunga midomo. Anza na salamu, kisha sifa, kisha swali: "Shikamoo mzee. Mtumbwi wako umechorwa vizuri sana. Ni kazi ya fundi gani?" Mwenye chombo aliyelipia rangi nzuri hafichi aliyempakia. Uliza mambo matatu: jina ambalo fundi analitumia kazini, namba au akaunti yake, na kazi yake nyingine iko wapi. Swali la tatu usilisahau kamwe, maana ndilo linalokuhamisha kutoka Kirumba hadi Pasiansi, kutoka Pasiansi hadi Igoma, ukijikuta unaujua mji kwa wachoraji wake.

Kwa vinyozi na maduka, angalia kona ya chini ya ubao. Wachora mabango wengi huandika jina na namba ya simu hapo, maana hilo ndilo tangazo lao. Piga picha ubao mzima kwanza, halafu kona peke yake ili namba isomeke, na uandike tarehe. Mabango ya kuchapishwa kwa mashine yamesogea sana, na ukuta uliopakwa kwa mkono leo unaweza kufunikwa kesho bila mtu kuuona kuwa ni hasara. Mimi nauona ni hasara kubwa.

Hata hivyo usiwadharau walioko kwenye mashine. Nyuma ya kaunta ya duka la stationeri au la kuchapisha fulana mara nyingi ameketi kijana anayebuni nembo, kadi za harusi na mabango ya injili kutwa nzima. Kazi za wateja hazitakuonyesha uwezo wake, kwa sababu mteja ndiye anayeamua kila kitu, mpaka ukubwa wa picha yake mwenyewe. Mwambie hivi: "Naomba unionyeshe kitu ulichobuni bila mteja." Baadhi yao wana folda nzima ya herufi, sura za watu na vikaragosi ambavyo hakuna aliyewahi kuviomba. Folda hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ukiwa mjini pitia na Makoroboi, mahali palipopata jina kwa vibatari vya makopo, uone mafundi bati wanavyoligeuza kopo likawa na sura nyingine. Ubunifu wa vyombo nao ni ubunifu, na fundi anayebadilisha mkono wa jiko ili usiunguze vidole anastahili ukurasa wake daftarini.

Hatua ya 3: Nenda Bujora, na ukiweza nenda wakati wa Bulabo

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Chimbuko lake ni miaka ya 1950, kwa juhudi za Padre David Clement. Wengi huenda kutazama vya kale na kurudi. Wewe nenda kutazama maumbo: ngoma za watemi, viti, michoro ya ukutani, na hata banda la watemi lenyewe, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Chora viwili vitatu kwa penseli, hata kama hujui kuchora. Mkono ukifuata mstari, jicho linaukumbuka, na siku ukikutana na mbunifu wa leo aliyeuchukua mstari huo akaupeleka kwingine, utamwelewa mara moja.

Ila uhondo wenyewe uko mwezi wa sita, kwenye Bulabo, sherehe inayofuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana hapo, na kipimo kikubwa cha ushindi ni watu: kundi linalovuta umati ndilo linalotamba. Sasa fikiria maana yake kwa mbunifu. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na mtazamaji yuko huru kuhama. Ili asihame, lazima umwonyeshe kitu ambacho hajawahi kukiona: sanamu ya mbao yenye viungo vinavyocheza, vazi jipya, chatu aliye hai, kituko ambacho wapinzani hawakukiwaza. Wasukuma wamekuwa wakishindania jambo jipya uwanjani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuhesabu wafuasi kwenye simu.

Kwa hiyo ukiwa Bulabo fanya hivi. Umati ukihama, hama nao, uangalie ni kitu gani kilichouvuta. Ngoma ikiisha, wafuate wachezaji wanapopumzika. Asubuhi salimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", wakufurahie, kisha uliza aliyechonga au aliyeshona. Mara nyingi si mchezaji. Ni mtu wa kijijini kwao ambaye hata uwanjani hakuja. Andika jina lake na kijiji chake.

Hatua ya 4: Soma kurasa ambazo wengine huziruka

Kitabu cha watoto ndiyo maonyesho ya sanaa ya bei nafuu kuliko yote. Ingia Maktaba ya Mkoa, au duka la vitabu, au chukua cha mwanao, ufungue ukurasa wa hakimiliki. Tafuta neno "Michoro" au "Mchoraji". Hilo ndilo jina lako. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwapa wachoraji wengi wa nchi hii nafasi ya kuchorea hadithi za Kiswahili, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota wameendelea kuwatumia. Mfano mzuri ni John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, aliyechukua rangi kali za Tingatinga akazifanya zisimulie hadithi ukurasa baada ya ukurasa, wanyama wake wakivaa shati na kubeba mizigo. Vitabu vyake vimetafsiriwa na kusomwa Ulaya, na bado kuna walimu wa Nyamagana wasiolijua jina lake.

Kama maktaba iko mbali, African Storybook inatoa vitabu vya picha bure mtandaoni, Kiswahili kikiwemo, na kila kitabu kinamtaja mwandishi na mchoraji. StoryWeaver ya India nayo ina hazina ya michoro unayoweza kuipekua kwa jina la mchoraji. Ukimpenda mmoja, bonyeza jina lake uone alichorea nini kingine.

Magazetini fuata katuni. Masoud Kipanya unamjua. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na jina akalijengea Nairobi. Usiishie kwa wakubwa hawa. Tazama saini ndogo za wachoraji wanaojaza kurasa za ndani.

Kanga ni habari ngumu zaidi. Pindo, mji na jina vyote vimebuniwa na mtu, lakini ukingoni utakuta alama ya kampuni na namba ya toleo, mbunifu hatajwi. Muulize mwenye duka mzigo mpya umetoka kwa nani, uandike namba. Kuna msanii mkubwa wa leo aliyetoka kwenye urithi huu: Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, mshindi wa Tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, ambaye amechora kazi nyingi zinazotokana na kanga. Mtafute, halafu rudi dukani uzitazame kanga upya.

Hatua ya 5: Ingia mtandaoni ukiwa na majina, si mikono mitupu

Watu wengi huanzia hapa, na ndiyo sababu huchoka haraka. Ukiingia bila jina, programu itakupa inachotaka yenyewe. Ukiwa na majina kumi ya daftarini, wewe ndiye unayeongoza.

Chukua jina moja, litafute Instagram. Ukimpata, usiangalie picha zake tu. Fungua orodha ya anaowafuata. Wachoraji hufuata wachoraji, tena mara nyingi wale wanaowaonea wivu mzuri. Chagua watatu usiowajua, ufungue kila mmoja, utazame kazi zake kumi za mwisho, si ile moja iliyopendwa sana. Kisha rudi kwenye mistari yako ya hatua ya 1 ujiulize kama kazi hiyo inakugusa kwa sababu ileile au kwa sababu mpya. Sababu mpya ni habari njema, maana jicho lako limepanuka. Fuata wachache, na usome ukurasa wa watu unaowafuata tu badala ya ule unaopangiwa.

Tovuti ya Behance ni pazuri kwa wabunifu wa grafiki, kwa sababu wengi huweka mradi mzima, kuanzia rasimu hadi kazi iliyokamilika, na unaweza kuchuja kwa nchi au mji. Jaribu Mwanza, halafu Kisumu, halafu Kampala, halafu Kigali. Mwezi Oktoba fuatilia Inktober, zoezi lililoanzishwa na mchoraji Jake Parker wa Marekani mwaka 2009, ambapo wachoraji duniani huweka mchoro wa wino kila siku ya mwezi. Ni wakati mzuri wa kumpata mtu asiye na wafuasi, kwa kuwa wote wako kwenye zoezi moja na tofauti ya mikono inaonekana wazi. Kwa wachoraji wa vitabu, kila mwaka soma orodha ya waliochaguliwa kwenye maonyesho ya wachoraji ya Bologna, Italia, yaliyoanza mwaka 1967. Huhitaji kusafiri, orodha peke yake inakutosha miezi kadhaa.

Ukikutana na picha isiyo na jina, itafute kwa Google Lens au TinEye. TinEye inakuwezesha kupanga matokeo kwa tarehe, hivyo anza na la zamani kuliko yote, kwani huko ndiko uwezekano wa kumkuta mwenye picha ni mkubwa. Akaunti zinazokusanya picha za wengine bila kuwataja usizifuate hata kama zina picha nzuri. Zinakupa picha na kukunyima mtu.

Siku hizi kuna na picha zilizotengenezwa na akili mnemba, na baadhi ya akaunti huziweka kana kwamba zimechorwa. Usihangaike kuhesabu vidole. Tazama historia ya akaunti: kuna rasimu, karatasi iliyofutwa futwa, video ya mkono ukichora, kazi dhaifu za miaka ya nyuma? Mchoraji wa kweli ana safari inayoonekana. Kama akaunti ilianza juzi na kila picha imekamilika, kwa mtindo tofauti kila siku, uliza kabla hujamsifia.

Kuhusu bando: zima video zinazojicheza zenyewe, washa kibana data ndani ya programu, na jiandikishe kwenye barua pepe za majumba ya sanaa. Barua moja yenye picha chache hula bando kidogo kuliko dakika kumi za kuteleza kidole, na imechaguliwa na mtu anayeijua kazi yake.

Hatua ya 6: Zunguka ziwa

Sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo hatuitumii. Kampala iko upande wa pili wa maji, na kule chuo cha Makerere kimefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza darasa lake mwaka 1937. Mtanzania Sam Ntiro alisoma huko kisha akafundisha. Leo Kampala ina jumba la sanaa la Afriart Gallery na kituo cha sanaa cha 32° East. Nairobi ina taasisi ya sanaa ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Dar es Salaam ina Nafasi Art Space, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako wasanii wana karakana na unaweza kuwakuta wakifanya kazi.

Huhitaji kupanda basi kila mwezi. Fanya hivi: kila jumba likitangaza maonyesho ya pamoja, chukua orodha ya washiriki, uwaondoe unaowajua, utafute waliobaki mmoja mmoja. Maonyesho ya mtu mmoja hufanyika akishajulikana. Kwenye yale ya pamoja ndiko utakakomkuta mapema. Maonyesho ya wahitimu wa vyuo ni mapema zaidi.

Sungi Mlengeya ni mfano wa kutosha. Ni Mtanzania, alizaliwa mwaka 1991, hakusomea uchoraji. Mwaka 2018 aliacha kazi ya benki akachora kutwa nzima. Huchora wanawake weusi juu ya weupe mtupu, nguo zikiyeyuka kwenye weupe huo mpaka inabaki ngozi, mkao na ujasiri wao. Ni jumba la Kampala, Afriart, lililozipeleka kazi zake mbali. Kuna Watanzania waliomjua baada ya wageni kumjua. Aliyekuwa akisoma orodha za Kampala alimwona mapema.

Na upya si umri. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, akaishi Ulaya akichora na kuandika kwa miongo mingi, na maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi za maisha yake yote yalifunguliwa Edinburgh mwaka 2024. Kama humjui, kwako ni mpya. Mwandike.

Hatua ya 7: Tunza, taja, lipa

Kila jina liwe na ukurasa wake: jina, mji, anachofanya, ulimpata kupitia nani, na kazi moja unayoipenda pamoja na sababu. "Kupitia nani" ni muhimu, maana baada ya muda utagundua watu wawili watatu ndio wanaokuletea majina mazuri kila mara. Hao wasikilize zaidi kuliko programu yoyote.

Ukisambaza mchoro kwenye hali yako ya WhatsApp au kundi la ukoo, andika jina la mchoraji juu yake. Ukitaka kuutumia kwenye fulana, kwenye bango la duka au kava la kitabu cha shule, omba ruhusa na ulipe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mchoro una mwenyewe, hata kama umeukuta wazi mtandaoni. Wanaoshughulikia haki hizo ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Ukiagiza kazi, mwonyeshe mchoraji kazi zake mwenyewe zilizokuvuta, si za mtu mwingine. Kubalianeni ukubwa, tarehe, matumizi, mara ngapi unaweza kuomba marekebisho, na malipo ya awali kabla hajagusa brashi. Usimwambie utamlipa kwa kumtangaza. Rangi na mbao vinauzwa kwa fedha taslimu.

Mwisho, mwandikie hata kama huna cha kuagiza. Ujumbe mfupi watosha: "Habari za kazi. Naitwa fulani, niko Mwanza. Nimeona mchoro wako wa mwanamke na ndoo, na yale maji yaliyobaki meupe yamenikaa kichwani. Una kazi nyingine za namna hii? Na wewe unapenda kazi za nani?" Majibu ya swali la mwisho yaandike kwenye ukurasa mpya, uanze nayo Jumamosi inayofuata.